Mpishi wa Nje ya Lango

Karatasi ya safari ilibandikwa kwenye mlango wa stoo Jumatatu asubuhi. Aketch husoma polepole, kama mtu anayechambua mchele, na alikuwa amefika mstari wa nne ndipo mkono wake wenye mwiko uliposhuka wenyewe.

Ulikuwa mwezi wa saba, mwaka wa tisini na tano, katika chuo kimoja cha ualimu pale Thika. Wanafunzi arobaini wa historia walikuwa wanapelekwa kisiwa cha Mfangano, huko ziwani, siku tatu, wakaone michoro ya watu wa kale kwenye mapango na vijiji vya jadi. Mstari wa nne ulisema: *Siku ya pili, saa sita. Boma la jadi la Okuku. Ghala, mawe ya kusagia, kaburi la shujaa.* Na chini yake: *Chakula cha mchana kitapikwa humo bomani. Wapishi: Mama Bridget na Nakhumicha.*

Mama Bridget ni yeye Aketch. Na Okuku ni jina la mumewe Nicanor, na la baba ya mumewe. Miaka kumi na saba ameitwa mke wa Okuku, na boma la Okuku hajawahi kulitia mguu.

"Mbona umesimama kama mtu ameona barua ya polisi?" Nakhumicha alimuuliza. Nakhumicha alikuwa mpishi mwenzake, mwanamke wa Bungoma, mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. "Uji unashika chini, wewe!"

"Hii safari mimi siwezi kwenda."

"Huwezi? Si ni kwenu huko? Mimi nikipelekwa Bungoma bure hivi, nitapanda basi kabla dereva aamke."

Kabla Aketch hajajibu, mwalimu Gichuru aliingia na daftari lake kwapani. Yeye ndiye aliyepanga safari, na alipenda mambo yakipangika.

"Mama Bridget, umeona? Wewe ndio nimechagua kwanza. Unajua lugha ya huko, utatusaidia."

"Mwalimu, naomba mwingine aende. Mimi nitabaki nipikie hawa wa huku."

"Kwa nini?"

Aketch aliangalia chini. Ungemwelezaje mwalimu Gichuru mambo ya nyumba ya watu? "Kuna shida ya nyumbani, mwalimu."

"Shida ya nyumbani kila mtu ako nayo. Sikiza mama, hii safari ina alama za mtihani. Na kandarasi zenu zinaisha Desemba, si ndio? Sasa nisisikie siku hiyo mtu ameshikwa na homa." Akaonja uji kwa kidole, akakunja uso. "Umeungua."

*

Walikaa Makongeni, chumba kimoja na nusu, hiyo nusu ikiwa ni pazia ambalo Bridget alilala nyuma yake siku za likizo. Nicanor alikuwa mtu wa kiwanda cha nguo. Jioni alirudi na pamba kwenye nyusi na kikohozi kifupi kifupi, na jambo la kwanza lilikuwa kuosha miguu kwenye karai pale mlangoni. Aketch alingoja aoshe mguu mmoja.

"Wanatupeleka Mfangano. Boma la Okuku."

"Akina Okuku ni wengi kule."

"Imeandikwa kuna kaburi la shujaa."

Nicanor alicheka mpaka akakohoa. "Basi si kwetu. Shujaa gani? Baba alikuwa anapaka chokaa nyumba za mapadri. Vita yake ilikuwa ni yeye na chokaa, na chokaa ndio ilishinda."

Alisema hivyo akiwa bado anacheka, halafu kicheko kikamwishia, akabaki ameshika kitambaa cha kufutia miguu.

Hakuna aliyemgombanisha Nicanor na kwao. Wala baba hakumlaani. Ilikuwa hivi tu: miaka ya kwanza ya ndoa nauli ya kumpeleka mke haikupatikana, kisha simu ya maandishi ya kifo cha baba ilifika kiwandani ikakaa mezani kwa msimamizi siku tatu. Alipoipata aliomba ruhusa, akaambiwa akienda asirudi, na Bridget alikuwa hospitalini na pumu. Akabaki. Baba akazikwa bila mtoto wake wa kiume, naye ndiye wa pekee. Akasema, nitaenda Krismasi. Krismasi ikafika, aibu ikawa imekua kidogo. Ikafika nyingine. Miaka kumi na miwili.

Na kwao kuna utaratibu wake. Aliyekosa mazishi ya baba yake hafiki akaketi akanywa uji. Akifika langoni haamkui mtu, anakwenda moja kwa moja kaburini akilia, kama baba amekufa jana. Asipofanya hivyo, yeye na watu wake wote ni watu wa nje. Na mke aliyeolewa mjini, ambaye hajaletwa na mumewe mbele ya mama mkwe, haingii boma hilo peke yake na mizigo kama mchuuzi. Akiingia hivyo, amemzika mumewe akiwa hai. Ndivyo wanavyosema, na Aketch alizaliwa katika mila hizo hizo, bara ng'ambo ya ziwa, hakuhitaji kufundishwa.

"Kuna wiki tatu," alisema. "Nenda, baba Bridget. Wikendi moja. Lia, urudi. Mimi nikifika nifike nikiwa mtu."

"Niende na nini mkononi? Nimepotea miaka yote hiyo, niingie na mkate? Mkono mtupu haulambwi."

"Huo mkono wako unajaa lini?"

"Usinianze."

"Siku ulikunywa chai harusi ya binti ya Obiero ulisema mwaka huu. Mtoto akipasi ulisema mwaka huu..."

"Nimesema usinianze!" Karai likapinduka. Maji yakapita chini ya mlango hadi kwa jirani, na jirani akapiga ukuta kwa ufagio. Nicanor akainama kuyafuta mwenyewe, polepole, akiwa amegeuza mgongo. Mgongo ule ulikuwa umezeeka, na Aketch hakuwa ameuona ukizeeka.

*

Jumapili Aketch alikwenda Kiuu, kule Ruiru, kwa Obiero. Obiero ni binamu ya Nicanor, mkubwa kwake kwa miaka kumi, fundi wa vitanda, na kwa kuwa wazee wote walibaki kisiwani, yeye ndiye mzee wa ukoo kwa Thika na Ruiru yote. Alimkuta akipiga randa mbele ya nyumba, shati la kanisa limetundikwa kwenye msumari.

"Shemeji, karibu. Kaa kwa hicho kitanda, mwenyewe hajalipa bado, tutumie."

Aketch alieleza. Obiero hakushtuka. Aliendelea kupiga randa, na hilo ndilo lililomjulisha Aketch.

"Ulikuwa unajua."

"Mimi huenda kila Desemba, shemeji. Nimeona." Akapuliza vumbi la mbao. "Mwaka wa pili sasa. Kuna mtu anazungusha wageni kisiwani. Mama mkwe wako ana ghala ya zamani na mawe mazuri. Wanakuja, wanaangalia, wanamwachia sukari na sabuni. Wazungu wengine shilingi mia."

"Na hukumwambia ndugu yako?"

"Ningemwambia nini? Mama yako anaangaliwa kama twiga? Hiyo maneno inatoka mdomo ya nani?"

Mke wa Obiero alileta chai, akaiweka, akarudi ndani bila neno, kwa maana alikuwa na masikio.

"Sasa mimi nifanye nini?" Aketch aliuliza. "Nikiingia, nimeharibu. Nisipoenda, Desemba sina kazi, na Bridget ako kidato cha tatu."

"Usiingie."

"Nasema nitafukuzwa kazi, shemeji."

"Nimesikia. Nasema usiingie." Obiero aliweka randa chini, akajikuna kidevu. "Lakini kupika si kuingia. Hiyo karatasi yenu imesema moto uwe wapi?"

"Bomani."

"Imeandikwa na Mkikuyu wa Kandara, atajua boma linaanzia wapi?" Akatabasamu kidogo. "Weka mafiga nje ya lango. Lango liko na nafasi. Pika hapo, huyo mwenzako wa Bungoma aingize chakula. Yeye hana kesi na mtu hapo."

*

Siku ya pili ya safari jua lilikuwa kali. Wanafunzi walishuka kutoka mapangoni wakiwa wanabishana kama ile duara nyekundu kwenye mwamba ni jua au ni ngoma, na mwongozaji wa wageni, mwanamume mmoja wa makamo mwenye kofia ya kanisa na filimbi shingoni, akawapeleka kwa njia ya mawe hadi boma la Okuku.

Aketch alikuwa nyuma na sufuria kichwani. Aliliona boma kabla halijaonyeshwa. Ua wa minyaa, ghala la fito lenye kofia ya nyasi, nyumba moja ya mviringo iliyosimama na nyingine mbili zilizoanguka. Upande wa kushoto palikuwa na mahali patupu, palipofagiliwa, penye kiwanja cha nyumba ambayo haikuwahi kujengwa. Alijua ni ya nani. Mtoto wa kiume wa pekee hujengewa upande gani, hilo hata wao bara wanalijua.

Lango lilikuwa miti miwili tu. Wanafunzi arobaini wakapita na viatu vyao na vitabu vyao. Aketch akatua sufuria nje, hatua tano kutoka mti wa kulia, akaanza kutafuta mawe matatu.

"Mama Bridget!" Gichuru alirudi akijifuta jasho. "Hapa ni wapi? Jikoni iko ndani, kuna kivuli. Nimelipia."

"Nitapikia hapa, mwalimu."

"Kwa jua?"

"Hapa pananitosha."

"Kwani umegoma? Unataka niaibike mbele ya wanafunzi?"

Nakhumicha akaingilia kati, magunia mawili ya mchele na maharagwe yakiwa mgongoni mwake. "Mwache, mwalimu. Ana mwiko. Kwetu pia iko, mwanamke akiwa na mwiko anapikia nje. Chakula utakula, moto haujui uko ndani ama nje."

Gichuru aliandika kitu kwenye daftari. Aketch aliona kalamu ikiandika, akajua ni jina lake.

Wasichana wawili waliopita kwenda haja waliambiana, "Cheki cook wetu, anaogopa ghost ya shujaa," wakacheka, na Aketch akapuliza moto. Alisikia kila kitu kutoka ndani. Alisikia filimbi. Alisikia mwongozaji akieleza ghala, akieleza mawe, halafu akisema, "Sogeeni hapa. Hapa amelala shujaa mkuu wa kisiwa hiki. Alikufa kwa mkuki, vita vya zamani sana, kabla ya wazungu. Na huyu Dani ndiye anayemlindia kaburi." Dani ni bibi, kwa lugha ya huko. Wanafunzi wakaandika. Kupitia minyaa Aketch aliona rundo la mawe lililopakwa chokaa, na chokaa haikuwa ya kabla ya wazungu.

Kando yake alisimama kikongwe mfupi, amevikwa ngozi ya mbuzi juu ya gauni la maua. Hakuwa akiwaangalia wageni. Alikuwa akiuangalia moshi wa nje ya lango.

Nakhumicha alikuwa akiingiza sufuria ya pili ya wali aliposimamishwa. Yule bibi alimwuliza jambo kwa lugha yake, akinyoosha kidole kwenye moshi, naye akamwonyesha Aketch kwa kidevu. Basi bibi akatoka. Alitembea bila fimbo. Alipofika kati ya miti miwili ya lango alisimama, akamtazama Aketch kuanzia leso hadi vidole vya miguu.

"Mpishi," alisema, "ndani kuna kivuli."

"Nimekiona, mama."

"Hapa wameingia watu wa kila aina. Wazungu wameingia na mbwa. Mwalimu wako ameingia akakojoa nyuma ya ghala langu, anadhani sikumwona. Mgeni huingia tu, hana habari. Wewe umejuaje kusimama hapo uliposimama?"

Aketch alikuwa amepanga maneno njiani kote, tangu Nakuru. Alipiga magoti palepale kwenye majivu na kuinamisha kichwa, na hilo lilikuwa jibu.

Bibi akapita lango akaja nje, akakalia jiwe, akaivua ile ngozi na kujikuna shingo. "Hii kitu ina viroboto. Huyo mwenye filimbi ndiye alinunua. Anasema bila hii wageni hawaamini." Akaikunja. "Bado anakoroma?"

"Anakoroma, mama."

"Meno?"

"Limetoka moja tu. La nyuma."

"Watoto?"

"Mmoja. Msichana. Ako shule."

"Mmmh." Aliuangalia moto. "Huu wali wako una maji mengi."

"Ni wa watu wengi, mama."

"Nipe. Hapa nje hakuna sheria. Mimi ni mzee mpita njia, nimekutana na mpishi."

Aketch alimpakulia kwenye kifuniko cha sufuria, kwa mikono miwili. Mama mkwe alikula nje ya lango lake mwenyewe, juani, na mke wa mwanawe akiwa amepiga magoti mbele yake, huku ndani wageni wamekalia vivuli vyote. Alikula akamaliza. Alilamba kidole.

"Mama," Aketch alisema kwa sauti ndogo, "kwa nini wanasema shujaa? Kwa nini mkuki?"

Bibi alikwangua kifuniko kwa ukucha, japo hakikuwa na kitu.

"Wa kwanza walipokuja niliwaambia kweli. Huyu ni mume wangu, amekufa kwa kifua. Mama mmoja, mtu mzuri, akaniuliza, una watoto wangapi? Nikasema mvulana mmoja. Akaniuliza, alilia sana? Nikakosa pa kuweka uso." Akaweka kifuniko chini. "Walipokuja wengine nikasema ni mtu wa zamani. Ni shujaa. Shujaa wa zamani haulizwi mtoto wake yuko wapi. Mwenye filimbi akaongeza mkuki, mimi nikanyamaza. Sasa wakiondoka namwomba msamaha mzee wangu, kila mara. Namwambia, vumilia, wametuachia sabuni."

Kutoka ndani filimbi ililia. Bibi akasimama, akajifunga tena ngozi ya mbuzi.

"Anasema atakuja akiwa na kitu," Aketch alisema haraka. "Anasema mkono mtupu haulambwi. Ndiyo maana, mama. Si moyo mbaya."

"Nani amemwambia nataka kulamba mkono?" Macho ya bibi yalikuwa makavu kabisa. "Mtu akija kulia anaweka mikono kichwani. Ikiwa na mizigo ataiwekaje? Mwambie hivyo."

Akaingia. Hakumkaribisha Aketch, kwa kuwa hakuwa na uwezo huo. Uwezo huo ulikuwa Thika, kwenye kiwanda cha nguo.

*

Safari ilipoisha, jioni aliporudi Makongeni, Aketch alimwambia Nicanor yote bila kupunguza. Ngozi, viroboto, mkuki. Nicanor alisikiliza akiwa amesimama, kisha akakaa.

"Wanamlipa nini?" aliuliza.

"Sukari. Sabuni."

"Sabuni gani?"

Aketch alimkazia macho. "Unauliza sabuni gani?"

"Nauliza tu." Akaanza kufungua kamba za viatu. "Mama alikuwa hapendi sabuni ya kunukia. Anasema inamwasha."

Usiku ule hakukoroma, na kesho yake hakwenda kumwona msimamizi. Wala keshokutwa. Aketch hakumsukuma tena. Alikuwa na yake: kazini alitolewa kwenye jiko akawekwa kuosha masufuria, na mshahara ukashuka, na Gichuru akimpita alisema, "Habari ya mwiko?" mbele ya wanafunzi, nao wakacheka kwa kuwa mwalimu amecheka. Desemba kandarasi ya Nakhumicha iliandikwa upya. Yake haikuandikwa.

Alirudi nyumbani saa nane mchana na aproni yake kwenye karatasi. Akamkuta Nicanor amekaa kitandani, amevaa koti, mkoba mdogo miguuni.

"Wewe umefukuzwa?" Aketch aliuliza.

"Sijaenda kuuliza ruhusa. Wakitaka wanifukuze nikiwa njiani." Aliiangalia ile karatasi yenye aproni. "Na wewe?"

"Mimi tayari."

"Kwa sababu ya kwetu."

"Kwa sababu ya kwetu," Aketch alisema, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kupaita kule kwetu. "Ngoja nimwite Bridget."

*

Walifika kisiwani siku mbili kabla ya Krismasi, watatu, na mkoba mmoja. Walipanda njia ya mawe. Karibu na boma wakasikia filimbi.

Nicanor alisimama. Ndani ya lango palikuwa na wageni kama kumi na watano, watu wa Nairobi wenye miwani ya jua na watoto wao, na Wazungu wawili wazee. Walikuwa wamelizunguka kaburi.

"Tungojee wamalize," alinong'ona.

"Ni sawa," Aketch alisema. "Tungoje."

"Baba," Bridget alisema, "mbona tunangoja kwetu?" Mama yake akamfinya.

Mwongozaji alikuwa amezidi kuinogesha hadithi siku hizi. Alirefusha. Mkuki ulikuwa umeingilia mbavu za kushoto, shujaa akauchomoa kwa mkono wake, akaua watu sita nao. Aketch alimwona Nicanor akisikiliza. Alimwona akimsikiliza baba yake akiuawa na watu wasiokuwapo, katika vita visivyokuwapo, na mtoto mmoja wa wageni akila biskuti ameegemea mawe.

Mkoba ulianguka. Sauti iliyotoka Aketch hakuijua. Aliwahi kumsikia mumewe akigomba, akiimba, akikohoa usiku kucha, lakini hiyo ilikuwa imekaa ndani miaka kumi na miwili bila kuguswa. Nicanor alipita lango akikimbia, hakutazama mtu, akapasua katikati ya wageni na kujitupa juu ya mawe. "Baba! Baba, mimi ni Nicanor! Baba, nimechelewa!"

Wageni waliruka kando. Mama mmoja akamvuta mtoto. Halafu mwongozaji, ambaye hakosi neno, aliinua mkono akasema, "Na hivi, mabibi na mabwana, ndivyo watu wa hapa walivyokuwa wakiwalilia mashujaa wao zamani."

"Ohoo," wakasema. Kamera zikainuliwa. Mwanamume mmoja alianza kupiga makofi, na wengine wawili wakafuata.

Nje ya lango Bridget alifunika uso wake kwa mikono. Aketch alitaka kuingia awanyang'anye zile kamera, na mguu wake uliinuka, akauzuia. Hajaitwa bado.

Ni bibi ndiye aliyeyakata makofi. Hakupaza sauti. "Si zamani," alisema kwa Kiswahili chake cha misheni. "Ni leo. Huyu ni mtoto wangu. Huyo aliyelala hapo ni baba yake. Alikuwa anapaka chokaa kwa mapadri, akafa na kifua. Hakushika mkuki hata siku moja, hata panya alikuwa anamfukuza na ufagio."

Makofi yakafa. Kilichosikika ni Nicanor peke yake.

"Kwa hivyo hakuna shujaa?" aliuliza mwanamume aliyeanza kupiga makofi. "Na tumelipa?"

"Dani," mwongozaji alisema kwa lugha yao, haraka, chini ya pumzi, "usiniharibie. Ukisema hivyo hawatakuja tena. Sukari utapata wapi?"

"Nitakunywa uji mweupe," bibi alijibu. "Nenda na watu wako. Hapa kuna msiba."

Mmoja wa wale Wazungu wazee alivua kofia. Wengine walianza kuondoka kwa mistari iliyopotoka, wakiongea chini, wasijue pa kutazama. Bibi aliwafuata nyuma mpaka kwenye miti ya lango. Alimwona Bridget kwanza, akamshika kidevu, akakigeuza kushoto na kulia kama mtu anayenunua. "Pua ni yangu," alisema. Kisha akamgeukia Aketch, akanyoosha mkono.

"Haya, mke wa mwanangu. Ameshalia. Ingia."

Lakini lango lilikuwa jembamba, na wageni walikuwa bado wanatoka. Aketch alisogea kando akawapisha. Akawasubiri wapite mmoja mmoja, na viatu vyao, na watoto wao, hadi wa mwisho. Ndipo akaingia.